Maisha ya Bwana Gotie, kama Mama Alivyonisimulia

Mvua ilinyesha wiki nzima huku Pearland, karibu na Houston, na nilipofungua mlango wa gereji harufu ikanipiga usoni kabla sijawasha taa. Maboksi yaliyolowa. Wenzangu waliokulia katika nyumba za watu waliohamahama wanaijua: harufu ya karatasi nene iliyokunywa maji, tamutamu kidogo, yenye gundi na vumbi, kama uji ulioanza kuchacha. Mume wangu aliyakunja yale maboksi akayatupa nje siku hiyohiyo. Mimi nilibaki nimesimama na ufagio mkononi, nikiwa na miaka saba, nikiwa Fort Worth, nikiwa nimechuchumaa ndani ya ngome.

Ngome hiyo aliijenga mama. Baba alifanya kazi kwenye ghala la vyombo vya umeme, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na wakati mwingine alirudi na boksi tupu la friji limefungwa kwa kamba juu ya paa la gari. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na sofa moja na zulia la kijivu; nafasi ya ngome haikukosekana. Mama alikata madirisha kwa kisu cha jikoni, madirisha membamba ya kupitishia mshale, akaunganisha minara kwa utepe wa gundi. Mimi niliingia ndani na kuchungulia, na dunia yote ilinukia karatasi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, kabla yeye na baba hawajavuka ziwa usiku mmoja kukimbilia Tanzania, kwenye kambi nilikozaliwa mimi. Tulipohamishiwa Fort Worth, huko hawakuhitaji mwalimu wa Uvira. Aliogesha wazee na kuwalisha katika nyumba ya kutunzia wazee, mpaka pumzi ikaanza kumwishia akipanda ngazi, halafu ikamwishia hata akitembea kwenye sakafu tambarare. Akaacha kazi. Tangu hapo nilikuwa ndiye darasa lake zima. Nikirudi shuleni nilimkuta ameketi kwenye sofa akinisubiri, miguu ndani ya beseni la maji.

Somo alilolipenda lilikuwa maisha ya bwana mmoja wa Ufaransa wa zamani za kale, mtu wa ukoo mkubwa, mwenye ngome na ardhi. Mama alikuwa amewafundisha somo hilo watoto wa darasa la tano kwa miaka mingi, kutoka katika kitabu kilichobaki tangu enzi za Wabelgiji. Kitabu hakikumpa bwana huyo jina. Mama ndiye aliyemwita Gotie, ili watoto wamshike kichwani.

"Bon, sikiliza muzuri," alikuwa akianza, kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Gotie alizaliwa mu nyumba ya majiwe."

"Alikuwa tajiri?"

"Tajiri kabisa."

"Alikuwa na televisheni?"

"Hapana televisheni. Hata kioo ku dirisha, hapana. Baridi inaingia, moshi hauna fasi ya kutokea. Banalala na mbwa pembeni. Na chawa."

"Bwana ana chawa?"

"Chawa hawaulize cheo, mwanangu."

Alinichekesha hivyo, halafu akaendelea kama mtu aliye mbele ya ubao. Akachukua maharagwe kwenye gunia lililokuwa jikoni, akayamwaga kwenye zulia kuizunguka ngome. Hao ndio watu wa chini, akasema, wanaolima. Wanalima kwanza shamba la Gotie, halafu ndipo walime la kwao. Unga wanasagia kwenye kinu chake na kumwachia sehemu. Kuku mnono ni wake. Hata kuhama hawawezi mpaka awaruhusu. Nikamuuliza, na Gotie mwenyewe anafanya kazi gani? Akasema anawinda, anakula, anahukumu, anapigana. Niliyatazama maharagwe, mengi, yote yanafanana, kisha nikatazama boksi la friji nililokuwa ndani yake. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba upande wangu ulikuwa ndani ya boksi.

Siku nyingine alinieleza jinsi mabwana walivyolala. Walilala wameketi, mito imepangwa mgongoni, kwa sababu kulala chali waliona ni kwa maiti. Nilifurahi mno. Mama alikuwa ameacha kulala kitandani; usiku baba alimpangia mito kwenye sofa, naye akasinzia ameketi, kichwa kimeinuka, mikono imetulia mapajani. Shuleni nilimwambia mwalimu wangu kwamba mama yangu hulala kama watu wa ngomeni. Mwalimu alisema ni vizuri sana.

Kisha tukafika mahali ambapo Gotie anatimiza miaka saba. Mama alikuwa anabandika utepe kwenye mnara uliokuwa unaegemea upande. Alisema mtoto wa kiume wa bwana, akifika miaka saba, anatolewa nyumbani. Anapelekwa kwa bwana mwingine, mbali, akalelewe huko. Anajifunza kusimama nyuma ya kiti cha wakubwa wakila. Anawamiminia maji ya kunawa. Anasugua mavazi ya chuma kwa mchanga na siki mpaka yang'ae. Akifika miaka kumi na minne anaanza kubeba silaha za bwana wake, na akiwa mtu mzima anaapishwa kuwa shevalie, askari wa farasi, ndipo anarudi kwao na watu wanatoka nje kumtazama.

"Hairuhusiwi kulia?" nikauliza.

"Mbele ya batu, hapana."

"Mama yake alikubali?"

Mama alitafuta ncha ya utepe kwa ukucha, akaikosa, akaitafuta tena. "Alikubali," akasema. "Mutoto asipotolewa, hakomae."

Nilikuwa nimetimiza miaka saba muda mfupi tu uliopita. Haikupita wiki nyingi, begi langu la shule likapangwa nguo badala ya vitabu.

Aliyekuja kunichukua ni Auntie Njeri, Mkenya, ambaye zamani alikuwa akiogesha wazee zamu moja na mama. Yeye alisoma, akawa nesi, akahamia Pearland kufanya kazi katika hospitali kubwa za Houston. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono ya joto. Alipoingia hakuketi. Alipiga magoti mbele ya mama, akabonyeza kifundo cha mguu wake kwa dole gumba, na alipoliondoa shimo likabaki pale, kama kwenye unga uliokandwa. Walitazamana. Nilidhani ni salamu ya Kenya.

Walipokwenda jikoni nilijificha ngomeni nikasikiliza.

"Moyo umekuwa mkubwa sana, mum," Auntie Njeri alisema. "Hii si kitu ya kucheza nayo. Mtoto acha nimchukue. Shule huko ni nzuri, na wewe upumzike."

Mama alijibu kwa sauti ambayo karatasi haikuipitisha. Mimi nilikuwa nimeshachukua nililolitaka. Moyo wa mama umekuwa mkubwa sana. Nilijua maana ya mtu mwenye moyo mkubwa. Kanisani walimsifu hivyo aliyechangia. Nikaona ndiyo maana ameruhusiwa kulala kama bwana, na ndiyo maana mimi naitwa kwenda kulelewa ugenini. Kila kitu kiliingia mahali pake.

Mlangoni mama alinifunga vifungo vya koti, ingawa nje kulikuwa na jua. "Uwe mupole. Umusikilize Auntie. Na usilie mbele ya batu."

"Kama Gotie," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Uso wake ulibadilika, kisha ukarudi. "Eh," akasema. "Kama Gotie."

Nyumba ya Auntie Njeri ilikuwa na ngazi ndani yake, na mbele majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi. Jioni ya kwanza alipika ugali, sukuma na nyama, akaniita mezani. Nilikuja, lakini sikuketi. Nilichukua taulo la jikoni, nikalikunja juu ya mkono wangu wa kushoto, nikasimama nyuma ya kiti cha mume wake. Nilikuwa nimejaza jagi la maji. Alipogeuka nikamwashiria anyooshe mikono.

Mtoto wao wa kiume, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, akauliza kwa Kiingereza kama mimi ni mhudumu wa hoteli.

"Kaa chini ule, mtoto," Auntie Njeri alisema.

"Nitakula wakimaliza."

"Nani alikwambia u-serve watu? Kaa!"

Sikukaa. Mume wake, mtu mpole aliyekuwa karani wa ofisi mjini, alinawa ile mikono juu ya bakuli la mboga kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nilikula mwisho, nimesimama, jikoni. Asubuhi walikuta nimepanga viatu vyote vya nyumba mlangoni na nimevisugua. Hivyo ndivyo nilivyoishi, siku baada ya siku. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ngumu, ya mtu anayefanya vizuri jambo linalouma. Kilio kilipokuja nilikwenda nacho bafuni, nikafungua bomba.

Mara moja nilimsikia Auntie Njeri akiongea na mama kwa simu, mlango umefungwa nusu. "Pole nikuulize hivi, usikasirike. Huyu mtoto alikuwa anafanyishwa kazi kwa mtu? Huko kambini? Haki sielewi. Hataki kukaa na watu. Halii. Mtoto wa miaka saba asiyelia hunitisha."

Nikasikia mama anacheka. Sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka kwenye korido, kicheko kilichogeuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Auntie Njeri alikaa kitandani akisubiri, mkono mdomoni. Kisha akanipa simu.

"Mwanangu," mama akasema, "sasa wewe umekuwa Gotie kweli."

"Ninafanya vizuri?"

"Kabisa. Lakini Gotie pia alikuwa anaketi. Anakula. Hakuna bwana anapenda mutumishi mwembamba."

Nikamuuliza kama mama yake Gotie alikuwa anakwenda kumtembelea. Akasema hapana, njia ilikuwa ndefu na mbaya. Nikamuuliza kama alikuwa anamkumbuka.

"Kitabu hakisemi," akasema. Nilimsikia anavuta pumzi, anatulia, anavuta nyingine. "Vitabu havisemi ya bamama. Lakini mimi najua. Kila asubuhi alikuwa anaangalia njia."

Baada ya hapo niliketi mezani. Taulo nilibaki nalo magotini.

Baba alikuja Jumamosi moja bila kutuarifu. Niliona gari lake kutoka dirishani, lile lenye mlango wa rangi tofauti, na nikaona anashuka na sare ya ghalani, maana yake alitoka kazini moja kwa moja akaendesha zaidi ya saa nne. Aliongea na Auntie Njeri kizingitini. Yule mwanamke wa sauti kubwa aliegemea ukuta.

"Vaa viatu," baba akaniambia. "Twende kwa mama yako."

Nilikuwa katikati ya ngazi. "Siwezi," nikasema. "Sijawa shevalie."

"Nini?"

"Mtoto harudi kabla ya wakati. Akirudi, atamwaibisha mama yake."

Baba hakuwa mtu wa hadithi. Alipokuwa nyumbani alilala au alitengeneza gari. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, kisha akapanda ngazi mbili tatu, akaketi chini yangu akinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa na vumbi la ghala. Sikuwahi kumwona ameketi kwenye ngazi ya mtu. Akatoa simu, akapiga, akaongea kidogo, akainyoosha juu kwangu bila kugeuka.

Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, na kati ya neno na neno kulikuwa na kazi. "Gotie… aliitwa. Mama yake… alituma farasi. Panda."

"Kwenye kitabu hukusema hivyo."

"Kitabu… hakikujua."

Nikavaa viatu.

Tuliendesha kuelekea kaskazini. Misonobari ilisimama pande zote mbili, halafu ikaisha, ardhi ikalala tambarare na mbingu ikawa kubwa kupita kiasi. Baba aliponinunulia viazi vya kukaanga hakununua vya kwake. Nikamuuliza Gotie aliishia wapi.

"Mimi sijui hadisi za mama yako."

Tukaenda. Baadaye sana, macho yakiwa barabarani, akasema, "Mama yako atakufa."

Nilicheka. Nakumbuka sauti ya kicheko changu ndani ya lile gari. "Hapana," nikamwambia, "moyo wake umekuwa mkubwa. Auntie alisema."

Baba aliwasha taa ya pembeni, akatoka barabarani, akasimama kwenye changarawe. Malori yalipita na kila lori lililitikisa gari letu. Alivua kofia. Akavuta lastiki iliyokuwa imefunga karatasi zake za kazini, akaivuta, akaivuta zaidi, kisha akailegeza ikabaki inaning'inia.

"Unaona? Hairudi tena," akasema. "Moyo unapiga kwa kujikunja. Ukitanuka sana, unashindwa kujikunja. Ule wa mama yako umetanuka. Si kitu muzuri, mwanangu. Ni ugonjwa wenyewe."

Akaweka kipaji cha uso kwenye usukani na akalia, kwa sauti, kama mtu aliye peke yake. Mimi sikulia. Nilikuwa bado nimeshika amri. Nilimpapasa mgongoni kama Auntie Njeri alivyompapasa mtoto wake akiwa na homa, mpaka akawasha gari.

Nyumbani wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa jikoni. Ngome ilikuwa bado pale pembeni, paa limebonyea katikati. Mama alikuwa kwenye sofa na mito yake, mrija wa hewa puani, mashine ikinguruma kando. Tumbo na miguu vilikuwa vimevimba, lakini uso umeisha, umebaki macho. Aliwaomba wanawake watoke kidogo. Nikapanda kwenye sofa.

"Niambie mwisho," nikasema.

Alinieleza polepole, akipumzika, na mara hii hakupunguza chochote kwa ajili ya mtoto. Gotie alirudi akiwa shevalie. Alikuwa na ugomvi na bwana jirani. Hakwenda kumpiga bwana jirani, maana huyo alikuwa ndani ya ngome yake ya mawe. Alikwenda kwa watu wa chini wa jirani huyo. Alichoma nyumba zao, alichinja ng'ombe wao, alitia moto ngano ikiwa inakaribia kuvunwa. Hivyo ndivyo mabwana walivyopigana.

"Na watu?"

"Balikimbia. Na sufuria ku kichwa, na batoto mugongoni." Akanishika mkono. "Hao ndio sisi, mwanangu. Ni mimi na baba yako, ile usiku ya kuvuka ziwa. Sisi hatukuwa mu ngome. Tulikuwa maharagwe."

Nilikaa nikilitafakari hilo. Nilihisi joto la aibu, kama mtu aliyekuwa anavaa nguo ya mwingine mbele za watu. "Basi kwa nini ulinifundisha ya kwake?"

"Kwa sababu kitabu kiliandika yake tu," akasema. "Ya maharagwe hakuna aliandika."

Akapumzika. Kisha akamalizia. Gotie alikwenda kupigana nchi ya mbali kabisa, na huko hakuuawa kwa upanga. Alishikwa na homa na kuhara, ndani ya hema, kama mtu yeyote. Wakamzika hukohuko. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, kwanza walitoa moyo wake, wakautia kwenye kisanduku cha risasi.

"Risasi za bunduki?"

"Hapana, ile chuma nzito. Wakaufunga muzuri. Wakaupeleka kwao, mpaka kwa mama yake. Mwili unabaki fasi uliangukia, moyo unarudi nyumbani. Ndivyo balikuwa banafanya."

"Na watu wa kawaida?"

Mama aliangalia dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila maegesho ya magari. "Batu ba kawaida banabaki," akasema.

Alikufa siku chache baadaye, asubuhi, baba akimchemshia maji. Nilipopelekwa kumwona katika nyumba ya mazishi, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alikuwa amelala chali. Hapo ndipo nilipoamini. Walikuwa wamempaka poda ya rangi isiyo yake. Nilisimama kwa muda nikitazama kifua chake chini ya kitenge, nikijaribu kuona kama kimefunguliwa.

Bwana wa pale, mzungu mzee aliyevaa suti, aliona nimebaki nyuma, akachuchumaa mbele yangu. Nikamuuliza kwa Kiingereza moyo wa mama uko wapi.

Macho yake yalilowa. Akaniambia, kwa sauti ya upole sana, kwamba moyo wake umekwisha kufika nyumbani.

Nilipumua. Kumbe walifanya. Mama aliogopa bure. Nyumbani ni Uvira, na Uvira alikuwepo Koko, mama yake mama, aliyekataa kuvuka ziwa na wengine kwa sababu kaburi la mume wake lilikuwa uani. Baba akaniuliza yule mzee amesema nini. Nikamtafsiria: "Amesema moyo wameshautuma nyumbani." Baba akaitikia kwa kichwa, akampa mzee mkono.

Tulimzika mama pembeni mwa Fort Worth, kwenye uwanja wa majani mafupi ambako mawe ya makaburi yamelazwa chini ili mashine ya kukatia majani ipite juu yake. Nilitazama jeneza likishuka bila wasiwasi mkubwa. Ulikuwa mwili tu.

Usiku ule baba alimpata Koko kwenye simu. Na kwao walikuwa wamekusanyika kumlilia. Nilisikia watu wengi nyuma yake, na mbuzi. Baba aliongea, akashindwa, akanipa mimi.

"Koko," nikasema, "moyo wa mama umefika?"

Nikadhani laini imekatika. "Moyo gani, mujukuu?"

"Wa mama. Wameutoa, wameutuma kwako. Mtu wa mazishi ameniambia umeshafika nyumbani. Umeupata?"

Nilisikia upepo kwenye simu, na mtu akimuuliza Koko kitu, naye akimnyamazisha. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Baba alikuwa amegeuka, ananitazama, mdomo wazi, na sasa, nikiwa mama mwenyewe, naelewa kwamba alikuwa ndiyo kwanza ameelewa.

"Eh," Koko akasema. "Umefika. Niko nawo hapa."

"Ni mkubwa?"

"Mukubwa kabisa."

"Utauweka wapi?"

"Kando ya babu yako. Kesho asubuhi tutauzika muzuri. Usihangaike tena, umesikia? Kazi yako imekwisha."

Nilimpa baba simu, na nikalia. Nililia mbele ya baba, mbele ya wanawake wote wa kanisa, nimelala kwenye zulia, mpaka mmoja wao akanibeba. Nilikuwa nimeruhusiwa.

Nilirudi Pearland na nikakulia kwa Auntie Njeri, na baba alikuja kila alipopata ruhusa, mpaka naye mgongo ukamshinda akahamia karibu nasi. Siku gani nilielewa kwamba hakuna moyo uliotumwa, siwezi kusema. Haikuwa siku. Ilikuwa kama mtoto anavyoacha kuamini kitu chochote kile, unageuka, kimeshaondoka. Sikumuuliza Koko. Tuliongea kwa simu miaka yote, habari za mvua, za bei ya unga, za milio ya bunduki usiku. Kila nilipopanga kwenda, barabara ilifungwa, au wapiganaji waliingia mjini, au mtoto wangu aliugua. Sijawahi kukanyaga Uvira.

Koko alipofariki, mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyenipigia. Alinieleza yote kama inavyopasa: alivyolala, alivyoamka, alichokula mwisho. Alisema Koko alikuwa ameagiza azikwe kati, si upande wa nje, ila hawakuelewa kati ya nini na nini, kwa sababu uani kulikuwa na kaburi moja tu, la babu. Wakachimba kando yake.

"Jembe likagonga kopo," mjomba akasema. "Kopo ya maziwa ya unga, imefungwa kitenge, kitenge kimeoza. Nzito. Bachimbaji bakaogopa, bakasema ni dawa ya mutu. Hatukuifungua."

Nilikuwa nimesimama jikoni, sahani mkononi. Nikauliza wameiweka wapi.

"Tuliirudisha. Juu ya kifua chake. Kwa nini, unajua kitu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuhusu simu ile, na mtoto aliyeuliza, na Koko alivyojibu. Hata mimi sikujua mpaka dakika hiyo kwamba aliamka asubuhi ile na jembe, mwanamke mzee, akachimba shimo kwa ajili ya neno alilompa mtoto wa ng'ambo. Ndani ya kopo alitia nini, hakuna atakayejua.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa sawa, "Ungetuambia mbele ya kuzika. Tungeimba."

Basi tukaimba. Yeye amesimama uani Uvira, mimi jikoni Pearland, wimbo ule wanaoimba kanisani kwao mtu akishushwa. Yeye alijua maneno yote, mimi nilijua ubeti wa kwanza tu, nikaurudia chini ya sauti yake mpaka laini ikakatika.